Breve ya parajuristi niko nayo, lakini mama mukubwa alitia kidole



Kila mwezi naona mu ma-grupe yetu tangazo ingine ya mafunzo ya parajuristi. Siku tano, bure, transporti inarudishwa, breve mwishoni. Wengi munajua nilipita kule, basi munaniandikia: "Yaya, niende ao nisiende?" Nimejibu mutu moja moja mpaka nimechoka. Leo najibia wote pamoja, na nitafanya sawa vile mutu anachambua kitabu alimaliza kusoma: nini iko muzuri, nini iko mubaya, nini inakosekana. Shirika lenye lilitufundisha sitalitaja jina. Chakula yao nilikula, na kosa lenye nitaonyesha, kufwatana na yale wengine wenu mulinielezea, munalikuta fasi zingine pia.

Kwanza mimi mwenyewe. Niko na lisansi ya agronomi. Miaka yangu ya Kasapa niliipitisha kupima udongo, kuhesabu miguu ya mahindi na kuandika ripoti ya staji. Sheria sikuisoma. Nilienda mu mafunzo juu sikukuwa na kazi, sitaficha. Lakini kulikuwa na sababu ingine. Mu vijiji vya kandokando ya Lubumbashi, unafika kumufundisha mulimaji kupanda kwa mustari, naye anakuuliza kama mwaka kesho ile shamba itakuwa ingali yake. Kwa ile ulizo, udongo hauna jibu. Niliona ni muzuri nijifunze kidogo.

Kwa wale hawajui: parajuristi hapana avoka. Kwetu, sheria ya tarehe 28/9/1979 njo inapanga kazi ya ma-avoka na ya wateteaji wa tribinali. Parajuristi haiko mu ile mustari. Hasimame mbele ya zuzi kutetea mutu, halipishe. Yeye ni mutu wa kwanza mu njia: anasikiliza shida, anaeleza sheria kwa maneno ya nyumbani, anasaidia kuandika, anasindikiza mutu mpaka fasi yenye kufaa. Fasi zingine ile kazi iko na mizizi. Malawi, tangu mwaka wa 2000, maparajuristi wanaingia mu magereza kufundisha wafungwa ginsi ya kujiombea dhamana. Kenya iliwatambua mu sheria yake ya musaada wa kisheria ya 2016, Tanzania mu yake ya 2017. Kwa hiyo haiko muchezo wa mashirika tu. Ni kazi.

Sasa tuingie mu siku tano zetu.

Yenye ilikuwa muzuri nitaanza nayo, juu ni haki. Siku ya pili walitufundisha juu ya kukamatwa. Artikle 18 ya Katiba yetu ya 2006: mutu mwenye kukamatwa anapashwa kuambiwa palepale sababu gani wanamukamata, tena mu luga yenye anasikia, na kasho ya polisi haiwezi kupita saa 48. Kisha zile saa, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya parke. Mu sale tulikuwa watu karibu makumi tatu, wote na diplome, na wengi wetu tulisikia ile hesabu mara ya kwanza siku ile. Ma-ingeniere, wauguzi, walimu. Tunakaa mu muji wenye kila kartie iko na kijana alilala siku ine mu kasho juu ya telefone ya kuibiwa, na hatukujua kama siku mbili njo mwisho. Kwa ile somo peke yake, sijute kwenda.

Muangalie tena ile artikle 18: mu luga yenye anasikia. Mwalimu alitusomea ile mustari kwa Kifaransa, ku projektere, na hakusimama hapo. Aliendelea na mustari wenye kufwata. Hakuna hata mumoja wetu alinyoosha mukono. Kwa siku tano somo yote ilipita kwa Kifaransa: kitabu Kifaransa, maulizo Kifaransa, hata ule muchezo mudogo wenye mumoja anakuwa mama wa kijiji na mwingine parajuristi, tuliucheza kwa Kifaransa. Mama wa kijiji mwenye kusema "par conséquent"! Tulicheka, tukapiga mikono, tukaenda kula.

Na Katiba yenyewe iko wazi kuliko sisi. Artikle 142 inaomba Serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na mu kila moja ya luga ine za taifa, mu siku 60 kisha sheria kutiwa saini. Kikongo, Kilingala, Kiswahili, Kiluba. Nani kati yenu alishaona Kode ya madini kwa Kiswahili ku duka ya vitabu? Kazi ya parajuristi inazaliwa mu ule mwanya, kati ya sheria yenye kuandikwa na sikio la mutu. Sasa mafunzo yenye hayafundishe kuvuka ule mwanya yanafundisha nini?

Nitawaonyesha yenye ilinipata, juu kuchambua bila kujiweka ndani ni rahisi sana.

Juma mbili kisha kupata breve, mama mukubwa wangu, mukubwa wa mama, akaja nyumbani kutoka ku kijiji. Iko mbele ya Kipushi, jina si lazima. Alileta karatasi mu sashe, amekunja mara ine. Kampuni moja inafungua kazi yake kule, walipita kuhesabu mashamba, na hii njo hesabu yake. Alisikia kama mutoto wake amesomea sheria. (Siku tano! Lakini mu jamaa habari inakua njiani.) Akaniambia: "Mwana, weye njo ulisoma. Uniangalilie hii karatasi, juu banasema ntie kidole siku ya kazi tatu."

Wandugu, nilifurahi. Nilikaa vizuri, nikachukua kitabu cha mafunzo, nikaanza. Nikamueleza sheria ya udongo ya tarehe 20/7/1973, artikle 387 yenye inasema mashamba ya wenyeji yaliingia mu udongo wa Serikali. Nikapita ku 388. Nikapita ku 389, yenye iliahidi kama Raisi atatoa ordonansi ya kupanga haki za wenyeji, na miaka zaidi ya makumi ine ikapita bila ile ordonansi kutoka. Nikamupeleka ku Kode ya madini, artikle 281, malipo ya haki. Nikamaliza na aneksi ya XVIII ya reglema ya madini ya 2018, juu ya kuhamisha watu na kuwalipa. Nilisema karibu saa moja. Kila mara nikitaja namba, aliitika: "Eh. Eh, baba." Nikafikiri anafwata.

Akanywa chai, akafunga karatasi mu sashe yake, akasema: "Aksanti mwana, Mungu akubariki." Siku ya kazi tatu akatia kidole.

Kisha mwezi moja nilienda kule kwa matanga ya jirani. Akanitembeza ku shamba. Upande wa kuume, mahindi, na mihogo nyuma yake, na miembe sita. Upande wa kushoto, pori ya miaka tatu, miti imeanza kurudi. Nikamuuliza tu kwa kusema kitu: "Na huku?" Akasema: "Huku nilipumuzisha. Udongo ulichoka. Bile batu ya kuhesabu bilisema ni pori, habakuandika." Nikasimama. "Mama mukubwa, juu nini haukuniambia?" Akaniangalia bila kukasirika: "Njo kyenye nilikuya kukuuliza. Lakini ulikuwa unasema."

Shamba yenye kupumuzishwa! Miaka tano walinifundisha ile kitu. Kila mumoja wetu wa agronomi anajua udongo wetu wa miombo unachoka mbio, na mulimaji mwenye hana feza ya mboleo anaacha fasi ilale, majani na miti inarudishia udongo nguvu. Ile pori ni sehemu ya shamba sawa vile usingizi ni sehemu ya kazi. Tena haiko bure hata kidogo: mama mukubwa anatosha pale kuni, bowa kipindi cha mvua, finkubala mwaka ukikubali. Na artikle 388, ileile nilimusomea na sauti ya kizuzi, inasema mashamba ya wenyeji ni yale wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa namna yoyote kufwatana na desturi yao. Kwa namna yoyote! Jibu ya ulizo lake lilikuwa mu kinywa changu. Sikujua kama kuko ulizo.

Angenikuta mbele ya mafunzo, mimi mutu wa agronomi tu, ningeanza na kumuuliza: shamba iko na ukubwa gani, unalima nini, unapumuzisha fasi gani. Ni maulizo yangu ya kila siku. Mafunzo yalinipa namba za artikle, na zile namba zikakaa mbele ya kazi nilikuwa najua.

Ndiyo, kosa ni langu, siwezi kulitupa lote ku mwalimu. Lakini muangalie ginsi walitupima. Siku ya tano, maulizo makumi mbili ya kuchagua A, B ao C. Artikle gani inasema nini. Nilipata 18 juu ya 20. Hakuna mutu alinipima kama naweza kukaa dakika kumi mbele ya mama bila kumukata maneno. Hakuna mutu aliniomba niandike ukurasa moja: nani, wapi, tarehe gani, nini ilitokea kwanza, nini ilifwata, karatasi gani iko, karatasi gani inakosekana, kisha nimusomee mwenye shida mu luga yake na yeye aseme "hapa umekosea". Ule ukurasa njo unasaidia avoka. Artikle, avoka anazijua tayari.

Mu agronomi hawakupe diplome bila staji. Unaweza kujua kitabu chote cha udongo, kama haujachimba shimo, haujashika ule udongo mu mukono, haupiti. Na hakuna mwalimu atakubali upime shamba ukiwa umesimama ku barabara. Mafunzo yetu ya parajuristi yalitupimisha ku barabara.

Najua kuko wenye watajibu: siku tano ni kidogo, feza ya mashirika haitoshe, na mu tribinali wanaandika Kifaransa, basi lazima tujue Kifaransa cha sheria. Ya mwisho ni kweli, na siombe tukitupe. Barua kwa shefu wa kampuni ao kwa parke itaandikwa kwa Kifaransa. Lakini mbele ya barua kuko sikio, na sikio la kwetu ni Kiswahili, ao Kibemba, ao Kiluba. Mutu wa kuvusha watu ku mutoni anapashwa kujua ngambo zote mbili. Mungetupa asubui moja tu ya kutafuta pamoja maneno: tutasema nini kwa "garde à vue"? Kwa "plainte"? Kwa "mise en demeure"? Siku ile, "victime" na "témoin" mwenzangu moja alizigeuza zote mbili "mutu wa maneno". Muwaze mutu anaenda ku polisi kama shahidi na anarudi akifikiri walimushitaki. Juu ya wakati, siku tano zinatosha kama mbili zinatoka inje ya sale: moja ku kijiji, moja kukaa kimya kando ya avoka mwenye kupokea watu ku biro ya bure ya baro, ile yenye inasikiliza wale hawana feza.

Kuko na upande mwingine wa kosa, na huu unatuangalia sisi wa diplome. Tusiwape mashirika mzigo wote. Siku ya kwanza, mu mapumziko, tulizungumuza nini? Perdiemu. Siku ya tano tulizungumuza nini? Picha na breve, nani atatia ya kwanza ku statusi. Mimi pia nilitia. Mistari mipya mu CV, basi. Juma moja kisha, nilisikia mwenzetu moja anajiita "Metre" ku kartie yake. Mwingine alianza kuomba "feza ya kredi" kwa kila mutu anamusindikiza. Hatua kutoka pale mpaka kuwa komisionere, mwenye anauza njia ya kufika kwa mukubwa, ni fupi sana. Na mutu wa kartie akiisha kudanganywa na "Metre" mwenye breve ya siku tano, parajuristi wa kweli akifika, mulango umefungwa.

Muwaze tu ile jina: Kasapa. Mwanafunzi akisema "naenda Kasapa", tunasikia univerzite. Mama wa kartie akisema "mutoto wangu iko Kasapa", tunamuuliza: masomo ao gereza? Jina moja, barabara moja. Miaka yote nilipita pale na sikujiuliza kama mu wale wa upande ule kuko mwenye yuko ndani juu hakuna mutu alimueleza, mu luga yenye anasikia, sababu gani alikamatwa. Kazi ya parajuristi, kama tunaitaka kweli, iko pale, haiko ku statusi.

Basi jibu yangu kwa ile ulizo ya inboksi. Niende ao nisiende? Uende. Ile saa 48 peke yake inalipa safari, na mutu mwenye diplome bila kujua Katiba yake ni aibu yetu wote. Lakini mbele ya kujiandikisha, uulize wenye kupanga mambo tatu. Moja: kuko siku ya kutoka inje ya sale, ao hakuna? Mbili: tutajifunza kusema hii sheria kwa Kiswahili, ao tutaisoma tu? Tatu: kisha breve, kuko avoka mwenye tunaweza kupigia simu tukishindwa? Wakicheka maulizo yako, uende tu kwa ile saa 48, lakini ukirudi usijiite parajuristi bado. Na kama uko na kazi yenye ulisomea, udongo, afya, ualimu, hesabu, usiiache ku mulango. Muuguzi anajua kusoma kidonda. Mwalimu anajua mutoto mwenye anaogopa kusema. Vile ni vyombo, na kitabu cha mafunzo hakiviandike.

Na wewe mwenye uko na breve tayari kama mimi: mutu akikuletea karatasi mu sashe, ufunge kitabu. Sema: "Mama, anza fasi yenye unataka." Kisha nyamaza. Akimaliza, uliza: "Ni nini inakuogopesha zaidi mu hii karatasi?" Na kama haujui jibu, sema "sijui, tutaenda kuuliza". Hakuna mutu aliyepoteza shamba juu parajuristi alisema sijui.

Mama mukubwa, tuliandika barua. Avoka moja wa biro ya bure aliisoma, akaondoa kurasa mbili za artikle zangu, akaacha moja na nusu: ukubwa wa ile sehemu, mwaka aliacha kuilima, majirani wenye wanajua, picha. Mpaka leo kampuni haijajibu. Kidole alitia, na kidole ni kidole. Inaweza kushindikana. Yeye ananiambia nisijisumbue, nami najua anasema vile juu ananipenda.

Siku ya posho narudi kule. Majirani wake wawili nao walipumuzisha sehemu za mashamba na bado hawajatia kidole. Nitabeba telefone ya kupima, daftari, na kalamu mbili. Kitabu cha mafunzo nitaacha nyumbani.